Robo Inchi kwenye Ubao wa Bi Leota

Mimi kazi yangu ni kukata kwato. Mwaka wa kumi na tisa huu nainama chini ya farasi wadogo wa kaunti tatu za huku Oklahoma, wale ambao mgongo wao haufiki hata mkanda wa suruali ya mtu mzima, na kiuno changu kinaweza kutoa ushahidi. Kwa hiyo nikisema watu wa farasi wadogo wananitia kinyaa, sisemi ya kusikia. Miguu ya farasi wao naijua kuliko wenyewe wanavyoijua. Na katika kinyaa hicho mimi Twila Cobb sijajitoa, utaona mbele.

Nataka kumsema Bi Leota Stamper, aliyekuwa mpimaji wa chama chetu cha farasi wadogo, na namna alivyoiacha fimbo ya kupimia. Maana siku hizi hapa Wardlow wanasimulia kwamba bibi alichoka, magoti yamemwisha, macho hayaoni. Macho hayaoni! Mwanamke anayeona kupe kwenye sikio la farasi akiwa ng'ambo ya uzio! Upuuzi mtupu.

Bi Leota alifanya kazi miaka thelathini na mmoja kwenye mizani ya malori pale ghala la ngano, kando ya reli. Wakati wa mavuno malori yanapanga foleni mpaka barabara kuu, vumbi jekundu limejaa mpaka kwenye meno, na kila dereva ana ujanja wake wa kuongeza uzito. Yeye anatoka kibandani na kofia yake ya majani, anagonga mlango wa lori. "Shuka. Mbwa naye ashuke. Na huyo shemeji yako uliyemfunika turubai huko nyuma, mwamshe, ashuke." Wakulima walikuwa wanamtukana. Halafu mwenye ghala naye akaja siku moja akitaka mizani isome pungufu kidogo, kidogo tu, kwa wakulima wote sawasawa. Akamjibu kwamba kama ni hivyo aje akae yeye kwenye kiti, na ufunguo huu hapa. Ufunguo haukuchukuliwa. Tangu siku hiyo wakulima wakaacha matusi, ingawa shemeji waliendelea kumficha.

Nyumbani ni huyohuyo. Kwenye chakula cha kanisa hukata keki yake ya njugu kwa uzi, vipande vinane, na hata mchungaji akija na sahani yake kubwa hapati zaidi. Tunamcheka. "Bi Leota, changu kimepungua punje moja ya njugu!" Anakuja kweli na miwani yake kutazama.

Mumewe alipofariki akanunua farasi jike mmoja mdogo, mwekundu, akamwita Huckleberry, akaingia chamani kwetu. Kwetu kanuni ni moja inayobeba zote: farasi asizidi inchi thelathini na nne. Anapimwa kutoka chini mpaka pale singa inapoishia, unywele wa mwisho kabisa juu ya mabega. Akiwa mtoto anapimwa kila mwaka, lakini kipimo cha miaka mitano ndicho cha mwisho. Akipita, anapata cheti cha kudumu, na hakuna atakayemgusa tena na fimbo maisha yake yote. Akizidi, cheti kinafutwa, na kuanzia hapo ni mla majani tu kama wengine. Watu wamenuniana miaka kumi kwa ajili ya kipimo hicho, na ndugu wa damu hawaendi tena kula Krismasi pamoja.

Mwaka wa kwanza Bi Leota aliposhika fimbo, farasi wa kwanza kutimiza miaka mitano alikuwa Huckleberry wake. Wakamwambia ampishe mwingine ampime. Akasema haina haja. Akampima, akamzungusha, akampima tena: thelathini na nne na robo. Akaandika. Akamtoa kwa kamba mpaka kwenye trela, akarudi, akasema, "Anayefuata." Huckleberry anakula majani nyuma ya nyumba yake tangu siku hiyo, na hajawahi kurudi uwanjani.

Sasa ngoja nikwambie wanavyofanya wenzangu, unisaidie kutema mate. Wanamnyoa farasi mwili mzima, wanamwachia kishungi cha manyoya huku chini mgongoni, pale mgongo unapobonyea, halafu wanasema kwa uso mkavu kwamba singa inaishia hapo. Wengine wanachimba kishimo kwenye mchanga na kumsimamisha miguu ya mbele humo. Wengine wanamtanua miguu mpaka tumbo linakaribia kufagia chini. Na wapo wale wabaya kuliko wote, ambao nyumbani kwao kila jioni wanamgusa farasi mabegani kwa fimbo, na chini ya fimbo wameficha ncha ya msumari. Gusa, choma. Gusa, choma. Baada ya wiki mbili huhitaji msumari tena. Fimbo ikimkaribia tu, anakunja magoti, ananywea, macho yamemtoka. Nimeviona vidonda hivyo kwa macho yangu, na wenye farasi ni watu wanaoimba kwaya. Mxyuu!

Ndiyo maana Bi Leota alikuja na ubao wake. Ubao mzito, aliupaka rangi nyeupe ili aone kila ukwato ulivyokanyaga, na kabla ya kazi anaulaza sakafuni na kuuwekea pima maji mpaka kile kipovu kitulie katikati. Fimbo yake aliilinganisha kila asubuhi na nondo aliyoikatisha kwa fundi, inchi thelathini na nne kamili. Kila farasi alipimwa mara mbili: panda, pimwa, shuka, zunguka, panda tena, pimwa tena. Yule anayenywea hakumfokea wala hakumsukuma. Alimkuna shingoni, akamsubiri. "Sina haraka, babu," anamwambia farasi. "Nimeleta chai yangu." Na farasi mwishowe anachoka kunywea, anasimama, ndipo bibi anashusha mkono wa fimbo, ule upau unaolala juu ya mabega. Amewahi kumsubiri mmoja dakika arobaini huku mwenye farasi anatokwa jasho la kwapa.

Basi hapo ndipo alipoanza kumnukia vibaya Coy Tackett. Coy ndiye mwenyekiti wa chama, mwenye mabanda mazuri kuliko yote, buti za ngozi ya mbuni na meno meupe ya kununua. Kwenye mkutano wa Machi, pale mkahawani, tukiwa tumeshakula, akasimama na karatasi.

"Ndugu zangu, mimi naomba kitu kimoja tu, ulinganifu. Farasi yuleyule, Texas inchi thelathini na tatu na nusu. Kansas, thelathini na tatu na nusu. Akija hapa nyumbani kwake, thelathini na nne na robo! Sasa tuulizane kwa upole, mwenye kasoro ni majimbo mawili, au ni bibi mmoja?"

Watu wakacheka kwenye vikombe vyao. Bi Leota akamaliza kutafuna kwanza.

"Walete wapimaji wa Texas na wa Kansas," akasema. "Waje na fimbo zao. Tumpime farasi mmoja, kwenye ubao mmoja, mchana, milango wazi, kila mtu atazame. Mimi nikionekana nimekosea, nainunua ile buti yako naila."

Hakuna aliyeunga mkono. Unajua kwa nini? Kwa sababu walikuwa hawataki ulinganifu wa aina hiyo. Walitaka sote tudanganye kwa kiasi kimoja ili pasiwe na wa kumnyooshea mwenzake kidole. Kichefuchefu.

Sasa Coy alikuwa na dume lake, Domino, mweusi na mabaka meupe, mzuri kweli, sitamnyima haki yake mnyama. Mwezi wa Juni Domino alikuwa anatimiza miaka mitano. Watoto wake walikuwa wametapakaa majimbo sita, na kila mwenye mtoto wa Domino alikuwa anasubiri ile Ijumaa ya kupima. Siku mbili kabla, Coy akaniita nikamkate kwato.

Niliinama kwenye mguu wa kwanza, naye akaja akachuchumaa karibu yangu, ananukia mafuta ya nywele.

"Dada Twila, wewe na bibi ni kama mtu na mamake, sivyo?"

"Sema unachotaka, Coy. Nina kisu mkononi."

Akacheka. "Jumapili tuna mkutano. Kura ninazo kumi na moja kati ya kumi na tano. Domino akianguka Ijumaa, tunamtoa bibi. Tena tutaandika kwenye barua kwamba macho yamemwisha, ili asipeleke mashtaka mahali. Domino akipita, basi, bibi yetu abaki na fimbo yake mpaka afe nayo. Mimi sina kisasi na wazee."

"Domino ana inchi ngapi?"

"Wewe ndiye fundi," akasema, akainuka, akaenda zake.

Nilimpima mwenyewe kwa utepe wangu. Thelathini na nne na robo, pale pale kwa Huckleberry. Hebu fikiria. Nikakaa juu ya ndoo yangu nikimtazama Domino ananusa mfuko wangu, na nikawa namwona Bi Leota anasomewa barua mbele ya watu kwamba hawezi kuona. Yeye! Hana mtoto, hana mume, ana fimbo ile na farasi mmoja. Hasira ilinipanda. Na nikajiambia, robo inchi ni nini? Ukwato huota kama kucha. Mwezi mmoja tu utakuwa umerudi. Nikikata mimi, angalau nakata vizuri, Coy akikata mwenyewe ataleta mashine ya kusagia.

Usinitazame hivyo. Ndivyo nilivyojiambia.

Ukwato wa farasi mdogo ni mdogo, unaenea ndani ya kikombe cha chai. Una mpaka wake, na mimi mpaka huo naujua hata kwa kidole, gizani. Nikaupita. Nilikata kwa koleo, nikachonga kwa kisu, nikapiga tupa, mpaka unyayo ukaanza kuonyesha wekundu chini ya weupe. Mguu wa mbele wa kulia nikasimama hapo. Wa kushoto nikazidisha kidogo, Domino akashtuka na kuuvuta, nikamwambia pole baba, nikauvuta tena. Nikapima. Thelathini na nne kamili. Nikafungasha vyombo nikaenda nyumbani, na chakula cha jioni sikukigusa.

Ijumaa banda la maonyesho lilijaa. Wengine walikuwa na viti vyao vya kukunja na chai ya barafu, kana kwamba wamekuja kutazama mpira. Bi Leota alikuwa ameshalaza ubao, kipovu katikati. Alipoona nimejibanza ukutani akanikonyeza. Mungu wangu, lile jicho lake.

Coy akamleta Domino mwenyewe. Anatembea polepole, ila hachechemei, na mimi nikajua amepigwa sindano ya maumivu. Akapanda ubaoni. Fimbo ilipokaribia tu, akanywea, magoti yakakunjika. Bi Leota akashusha fimbo, akaanza kumkuna.

"Sina haraka, babu."

"Mimi ninayo, Bi Leota," akasema Coy.

"Wewe sikupimi leo."

Watu wakaangua kicheko. Zikapita dakika kumi, kumi na tano. Domino akapumua kwa nguvu, akasimama. Mkono wa fimbo ukashuka juu ya unywele wa mwisho. Akasoma. Akavaa miwani yake vizuri, akasoma tena. Niliona nyusi zinapanda, maana alimpima farasi huyu mwaka uliopita na namba zake anazikumbuka.

"Mzungushe," akasema.

Wakamzungusha, akapanda tena. Akasoma.

"Thelathini na nne. Amepita."

Jamani, zile kelele! Kofia zilirushwa. Coy akainua mikono juu, meno yote nje. "Si mnaona? Ulinganifu! Hiki ndicho nilichokuwa naomba!" Na mimi nikapiga makofi. Naapa nilipiga makofi, nilidhani nimemwokoa.

Domino akaongozwa kushuka. Na pale kwenye ubao mweupe, upande wa mguu wa kushoto, pakabaki alama nyekundu, imejipinda kama mwezi mchanga. Ndogo. Angekuwa mpimaji mwingine, kwenye mchanga, isingeonekana.

"Mrudishe," akasema Bi Leota.

"Ameshapita!" Coy akapaza sauti. "Umesema mwenyewe, umesema mara mbili!"

"Ameshapita. Siifuti. Mrudishe nimwone mguu."

Akapiga magoti, yale magoti wanayosema yamekwisha, akauinua ukwato, akaupitisha kidole gumba ukingoni. Mimi nina tabia moja: nikimaliza ukwato, napiga tupa mara tatu upande wa nje, kwa mshazari. Sijui kwa nini, mkono umezoea. Miaka na miaka namkata Huckleberry hivyo, na miaka yote hiyo Bi Leota ananisimamia akiwa na kahawa mkononi. Hakuuliza mtu. Aliinua kichwa akanitafuta pale ukutani.

Nikaenda. Miguu ilinipeleka tu.

"Ni wewe," akasema, kwa sauti ya chini.

"Bi Leota, walikuwa wanataka kukutoa. Jumapili. Kura wanazo. Wangeandika kwamba huoni..."

"Nilikuwa najua. Darlene wa kantini aliniambia Jumanne."

"Ulikuwa unajua?"

"Nimeshawafungia vitu vyao kwenye boksi, na funguo za stoo. Viko garini." Akajifuta kidole kwenye sketi yake. "Nilikuja nimpime huyu, nisome nitakachokiona, waniondoe. Nilikuwa tayari, Twila. Nilikuwa nimejiandaa vizuri kabisa."

Nikasema, nilikufanyia wewe. Hiyo ndiyo sentensi niliyoitoa, na mpaka leo nikiikumbuka natamani kuutapika ulimi. Alimtazama Domino, ambaye sindano ilikuwa inaanza kumwisha, ameuinua mguu wa kushoto hataki kuukanyaga.

"Mimi?" akasema. "Mbona anayechechemea ni yeye?"

Akachukua kadi akaandika, nikaona: thelathini na nne, amepita, chini yake, anavuja damu mguu wa mbele kushoto, asiingie uwanjani. Akatia sahihi. Kisha akainama, akaokota fimbo, akanikabidhi mbele ya wote, mikononi.

"Kaa nayo. Aliyempima ni wewe."

Akalikunja koti lake la mvua, akaenda kwenye gari. Ubao alituachia na ile alama juu yake.

Jumapili mkutano ulikuwepo. Coy hakuhitaji tena kumtoa mtu, kiti kilikuwa wazi. Akasimama na zile buti zake akasema chama kinahitaji mpimaji mtulivu, mwelewa, mtu wa kazi, anayeijua miguu ya farasi, na kwamba yeye anapendekeza dada yetu Twila Cobb. Mikono kumi na mmoja ikapanda palepale. Wananitabasamia! Wanadhani mimi ni mwenzao. Na uchungu ni kwamba kwa siku ile moja walikuwa na haki ya kudhani hivyo. Niliwaambia maneno makali, hata mchungaji, aliyekuwa amekaa mstari wa pili, alijifanya kutafuta kitu mfukoni mpaka nilipomaliza. Nikawaachia fimbo mezani katikati ya vikombe vyao, nikatoka. Wamempa mtu mwingine. Sasa vipimo vya Wardlow vinalingana na vya Texas na Kansas, kila mtu ana furaha.

Domino nilimwona Agosti, barabarani, amefungwa kwenye trela wakati Coy ananunua mafuta. Nikatoa utepe, nikapenyeza mkono, nikampima. Alininywea mpaka nikaona aibu ya mikono yangu, nikamkuna, nikasubiri, mpaka akasimama. Thelathini na nne na robo. Kwato zilikuwa zimeota, na cheti chake cha kudumu kilikuwa kimetundikwa kwenye kioo cha pikapu.

Nilidhani Bi Leota atatafuta mkata kwato mwingine. Hakutafuta. Wiki ya sita ilipofika alinipigia simu, kama siku zote, akasema Huckleberry yuko tayari. Nikaenda na moyo mkononi. Kahawa ilikuwepo, na kipande cha keki, sawa kabisa na kile cha kwake. Tukaongea habari za mvua. Nikafunga aproni yangu, nikamwinua Huckleberry mguu wa kwanza.

"Ngoja," akasema.

Akavuta utepe kutoka mfuko wa sketi, akainama, akaupima ukwato. Akaitikia kwa kichwa kuniruhusu. Nikakata, nikapiga tupa, nikaushusha mguu. Akainama tena, akapima. Mguu wa pili hivyohivyo, na wa tatu, na wa nne. Alipomaliza akanimiminia kahawa ya pili.

Ni mwaka wa tatu sasa. Naenda kila wiki ya sita, na kila mara ananipima kabla, ananipima baada.